Brashi Inayoogeshwa Gungu, Tangi Linalosubiriwa Katonga

Saa moja asubuhi, Gungu, mjini Kigoma. Mtu mzima, baba wa watoto, amechuchumaa mbele ya karakana yake na anaogesha brashi.

Anaiogesha kweli, wala si mzaha. Ana bakuli la maji ya uvuguvugu na kipande cha sabuni. Anapitisha kidole katikati ya nyaya za brashi kama mama anayesafisha vidole vya mtoto mchanga. Anaisuuza, anaikung'uta, anaifuta. Mwisho anaivalisha mfuko wa kitambaa alioushona mkewe, anakaza kamba na kuitundika juu, mbali na vyombo vingine.

Kijana wa bodaboda anapunguza mwendo barabarani.

"Fundi! Leo umeshainyonyesha?"

"Imeshiba, imelala," anajibu bila kugeuka. "Usiiamshe kwa pikipiki yako."

Huyo ni Yohani Kubwimana, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu. Hapo kwenye karakana yake yapo mageti, madirisha na vitanda vya chuma cheusi, kile cha kawaida, na kwenye msumari karibu na mlango inaning'inia brashi nyingine ya waya, chafu, nyaya zimelala kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Hiyo ni ya kazi zote. Ile iliyooga ni ya stenlesi peke yake, chuma cheupe kisichoshika kutu.

"Hii haijawahi kugusa chuma cheusi," anasema. "Siku ikigusa, naihamishia kule kwa mwenzake. Chuma cheusi kinaacha vumbi lake kwenye nyaya. Ukija kusugulia stenlesi, umeshapanda mbegu ya kutu. Hutaiona leo. Utaiona chumvi ikija."

Ana kitendawili alichokitunga mwenyewe, huwategea wateja wanaosubiri madirisha yao. Nina ngozi, wala si mnyama. Ukinikwaruza naota nyingine, sili, sinywi. Lakini ukiniunguza ukaniacha na kovu, naanza kuoza.

Wengi hujibu nyoka. Wengine husema mti. Jibu ni stenlesi.

Leo lakini hategi kitendawili kwa mtu. Leo ametegwa yeye.

Kule Katonga, kwenye mwalo wa samaki, kuna tangi la stenlesi lililojazwa maji ya chumvi tangu wiki iliyopita. Leo maji hayo yanamwagwa, na akina mama wa kikundi cha kukausha samaki watachungulia mshono alioufanya. Wakikuta kutu, tangi linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na Ella, mkewe, ambaye ndiye aliyewashawishi wenzake wampe mumewe kazi hiyo, amesema atatoka kwenye kikundi kwa miguu yake kabla hajaambiwa.

"Mimi nikikosea nitapata geti jingine," anasema Kubwimana, na sauti inapungua. "Ella akitoka pale ataenda wapi? Wale ndio dada zake. Hana wengine."

Ni kweli. Ella hana ndugu wa tumbo moja upande huu wa mpaka. Wazazi wake walitoka Burundi, kama mama yake Kubwimana, na wameshafariki. Alipojifungua mtoto wa kwanza, Bariki, walioshinda naye wakimchemshia uji na maji ya kuoga ni wanawake wa Katonga.

Kubwimana mwenyewe aliingia nchi hii mgongoni. Mama yake, Ndayikeza, alishuka naye kwenye boti pale Kagunga, kijiji cha ufukweni mpakani, akiwa hajaota hata jino. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi, na cha kumtuliza mtoto mwenye njaa, mama hakuwa nacho kingi zaidi ya vitendawili. Kwa Kirundi mtegaji huita "Sokwe!", na wanaosikiliza hujibu "Niruze!", kama sisi tunavyosema kitendawili, tega.

"Chakula kikichelewa, vitendawili vinaongezeka," anakumbuka. "Kwa hiyo navijua vingi sana."

Kuchomelea alijifunza kambini, kwenye darasa la ufundi. Kisha akamfuata mzee Selestini, fundi wa boti wa mjini Kigoma, aliyemnoa zaidi. Selestini sasa amestaafu na kurudi kwao Mwanza, lakini simu yake haikai kimya, maana mwanafunzi hamwachi apumzike.

Sasa, habari ya tangi.

Akina mama wale walikuwa wakitia chumvi migebuka, samaki wa ziwa letu, kwenye mtumbwi mkuukuu uliokatwa katikati. Mbao zilishanyonya chumvi na damu ya samaki miaka mingi, harufu haitoki hata ukisugua vipi. Wakaamua kununua bati za stenlesi, zikaunganishwe ziwe tangi. Ella akasema, fundi yupo nyumbani kwangu.

Kubwimana akalichomelea kwa mapenzi yote. Akaenda polepole, akarudia juu ya mshono mara ya pili, ukawa mnene kama kamba ya nanga, kwa sababu akina mama walitaka tangi la nguvu. Bati ikajikunja kidogo kwa joto, akaigonga ikanyooka. Na kila upande wa mshono moto ukaacha rangi: dhahabu, zambarau, buluu, zimefuatana kama pindo la kitenge kipya.

Tangi lilipofika Katonga, vigelegele. Kubwimana akatoa brashi asugue zile rangi, maana ndivyo alivyoonyeshwa kumaliza kazi. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Christina, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita boti, akafunika mshono kwa kiganja chake.

"Weka chini hicho kitu! Unataka kutuondolea maua yetu?"

Na haikuwa urembo tu. Wanawake wale wanaishi kwa moto na moshi. Samaki aliyeiva wanamjua kwa rangi: akiwa mweupe hajashika moto, akiwa wa dhahabu ameiva, unaweza kumsafirisha hata mbali. Wakaona tangi nalo ni hivyo hivyo. Rangi zile zikawa ushahidi kwamba moto umeingia, mshono umeiva.

"Na mimi nilidhani kuzisugua ni usafi wa macho tu," anasema Kubwimana. "Mteja akizipenda, mwachie. Nikarudisha brashi mfukoni."

Tangi likapewa jina. Wakaliita Maua.

Chumvi ilipoingia, haikuchukua muda. Madoa ya kahawia yakaanza kuchomoza, na yalichagua pa kukaa. Hayakukaa katikati ya bati, wala juu ya mshono wenyewe. Yalifuata maua, pembeni tu ya mshono, umbali wa kidole. Kisha migebuka ikatoka na madoa. Wanunuzi wanaovuka kutoka Kongo wakawa wanageuza samaki, wanatazama, wanamrudisha chini taratibu kama wanaoweka yai.

Afisa uvuvi wa eneo lile, Elinipa, mzaliwa wa Same, akaja na kusema bila kupepesa: "Samaki wenye madoa ya kutu siwapitishi, mama zangu. Hata angekuwa mama yangu mzazi anawauza."

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Katonga watu wana midomo.

"Shemeji, stenlesi yako imekimbilia wapi?" mmoja alimwuliza Kubwimana.

"Imeomba hifadhi!" akajibu mwingine, na mwalo mzima ukacheka.

Mwingine akasema kwa nguvu ili asikike: hicho ni chuma cha Kirundi.

Ella alikuwa ameinama, anaosha ndoo. Akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Chuma kimenunuliwa dukani Mwanga, hapa hapa mjini, na aliyekwenda kukinunua ni mwenyekiti wetu. Cha Kirundi hapo ni mume wangu peke yake. Na huyo nimekaa naye miaka yote hii, hajashika kutu."

Wakacheka tena, safari hii upande wake. Lakini alipofika nyumbani, Kubwimana anasema, alikaa jikoni na kanga yake usoni, na chakula kikaungua.

Ndipo fundi akapiga simu Mwanza.

"Shikamoo mzee. Stenlesi imeshika kutu."

"Marahaba. Umeiunguza ukaiacha na kidonda," mzee Selestini akamjibu kabla hajamaliza. "Kulikuwa na rangi?"

"Nzuri sana, mzee."

"Ndiyo hizo."

Mzee akamweleza, na Kubwimana naye huwaeleza watu hivi leo, akionyesha kwa vidole. Kinachoizuia stenlesi isishike kutu si ugumu. Ina ngozi nyembamba mno, haionekani, inayojitengeneza yenyewe kwa hewa. Inatokana na madini ya kromiamu yaliyochanganywa ndani ya chuma; huyo ndiye mlinzi. Moto wa kuchomelea ukipita, ngozi ya pembeni inaungua, na zile rangi ni kovu. Chini ya kovu mlinzi amepungua. Maji ya kawaida yanaweza kupita yasifanye neno. Chumvi haipiti. Chumvi inapekua.

Kuna na la pili. Ndani ya chuma hicho mna kaboni kidogo. Fundi akikawia na moto mahali pamoja, chuma kikakaa kwenye joto kali muda mrefu, kaboni inamvuta mlinzi, wanajishikiza pamoja kwenye mipaka ya chembe za chuma, na jirani zao wanabaki hawana ulinzi. Ndiyo maana kutu haikuanzia kwenye mshono. Ilianzia pembeni, pale palipopata joto la kudumu.

"Nilirudia mshono ili uwe na nguvu," anasema Kubwimana, akitikisa kichwa. "Kumbe kila nilivyorudia, nilikuwa napunguza. Unene nilioongeza haukusaidia kitu, na bati ya pembeni ndiyo iliyoumia."

Ziwa lilipofungwa lipumzike, samaki wazaliane, mwalo ukawa mtulivu, na akina mama wakabaki na vitanda vya kuanikia vitupu. Kubwimana akaliomba tangi. Mama Christina hakutaka. Ella hakubishana, alikaa tu mbele ya nyumba ya mwenyekiti akimchambulia mchicha hadi mwenyewe akachoka kumwona. Mwenyekiti akasema, haya, lichukueni, lakini ziwa likifunguliwa na tangi halijanyooka, tunarudi kwenye mtumbwi.

Ukikuta moto umeharibu pembeni, huwezi kufukia kwa moto mwingine. Kubwimana akakata ukanda mzima, mshono pamoja na maua yake, akautoa. Tangi likapungua kiganja kizima. Safari hii akatumia vijiti vya kuchomelea vya stenlesi vyenye kaboni ndogo, alivyotumiwa na mzee Selestini kwa basi. Akaenda haraka, vipande vifupi. Akichoma hapa, anahamia kule mbali, na harudi mpaka aweze kulaza kiganja juu ya bati bila kuungua. Bati haikujikunja.

Rangi zikatokea tena, ingawa nyembamba. Akatoa brashi iliyooga, akasugua. Akapaka dawa ya tindikali ya kusafishia mshono, amevaa glavu, watoto wamefukuzwa hadi kwa jirani. Akasuuza kwa maji mengi mpaka mshono ukawa na rangi ya bati yenyewe.

Ella alisimama akitazama. "Limekuwa halina sura," alisema.

"Eeh," mumewe akamjibu. "Sasa ndiyo limekuwa zima."

Elinipa ndiye aliyetoa wazo la kulipima kabla samaki hawajaingia. Jazeni maji ya chumvi makali kuliko mnayotumia, alisema, mliache juma zima, kisha tutazame wote. Kubwimana akakubali. Na kwenye ndoo ya maji hayo hayo ya chumvi, karakanani, akatumbukiza vipande viwili alivyovichomelea: kimoja kimesuguliwa, kingine kimeachwa na maua.

Na sasa ni leo. Saa tatu anafika Katonga na bodaboda, ndoo mapajani, brashi shingoni kama hirizi.

Wanawake wamekwishalizunguka tangi. Mama Christina amejifunga kanga mbili kiunoni, tayari kwa vita.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba. Tangi letu umelikata, shemeji. Kiganja kimekwenda wapi?"

"Kimekwenda na kutu, mama."

"Tutaona kama kimekwenda nayo yote."

Kwanza nguvu. Kubwimana anatoa kipande kilichosuguliwa, anakibana kwenye jiwe la kutilia nanga, na kukipiga nyundo mpaka kinajikunja pale pale penye mshono. Hakipasuki. Kinazunguka mikono ya wanawake, kila mmoja anakwaruza kwa kucha. Kisha anatoa kile cha maua. Kimeshakuwa na mistari ya kahawia, imekaa juu ya rangi kama ukungu juu ya mkate. Mama mmoja anakirudisha kwenye ndoo kwa vidole viwili.

Kisha maji yanafunguliwa. Yanatiririka kurudi ufukweni, na mwanga wa asubuhi unaingia ndani ya tangi.

Mama Christina anatoa kitambaa cheupe, kipya, amekikata kwenye shuka. Anakipitisha juu ya mshono kutoka juu kwenda chini, kwa kukandamiza, kama anayemfuta mtoto mkaidi kamasi. Anakigeuza.

Kina doa. Doa la rangi ya kutu, wazi kabisa.

Ella anaweka mkono kinywani. Anaanza kuifungua aproni yake ya kikundi, kamba ya shingoni kwanza. Kubwimana anautazama mshono, anaupapasa, anautazama tena. Hauna kitu. Lakini doa lipo, na kila mtu ameliona.

"Naomba," anasema Elinipa. Anachukua kitambaa, anakisogeza puani. Ananusa mara ya pili. Halafu anamtazama mwenyekiti.

"Mama Christina, leo umekunywa chai na nini?"

"Mihogo," mwenyekiti anasema. "Mihogo na maharage ya ma…"

Anatazama vidole vyake. Vinang'aa kwa mafuta, vina rangi ya chungwa hadi kwenye kucha.

"Mawese!" wanapiga kelele wote kwa pamoja. Mmoja anakaa chini kwenye mchanga kwa kucheka. Yule aliyesema chuma cha Kirundi ndiye anayekimbilia sabuni, anamnawisha mwenyekiti mikono mpaka kwenye viwiko, huku akimwambia, "Wewe nusura uvunje ndoa ya watu kwa kifungua kinywa!"

Kitambaa cha pili kinapita. Juu, chini, pembeni umbali wa kidole, pale palipoanzia ugonjwa zamani. Kinatoka cheupe.

Wanakipitisha tena, safari hii Ella mwenyewe. Cheupe.

Mama Christina hasemi limepona. Anamfuata Ella, anashika kamba za aproni zilizolegea, anazifunga upya shingoni, mafundo mawili, na kuzikaza mpaka Ella anaguna.

"Nani alikuruhusu uvue?" anamwambia. "Ziwa likifunguliwa, chumvi utaweka wewe."

Ella analia na kucheka, vyote pamoja. Mumewe anageuka upande wa ziwa, anajishughulisha sana na ndoo yake ambayo haina kitu cha kushughulikiwa.

Kabla ya kuondoka anawapa masharti. Wasisugue kwa steliwulu, ile ya kusugulia masufuria, wasisugue kwa mchanga uliokokotewa nanga, chumvi isilale tangini siku ambazo hakuna samaki. Dodoki na maji, basi. Brashi ya pili, mpya, ambayo haijagusa chuma cheusi, anamkabidhi mwenyekiti.

"Na hii naiogesha?" anauliza Mama Christina.

"Kila ikitoka kazini, mama."

"Makubwa. Wajukuu zangu wenyewe siwaogeshi."

Kubwimana ana mpango, na ameshaanza kuutajataja kwa mzee Selestini kwenye simu. Anataka kutengeneza tangi la namna hii kwa ajili ya wanawake wa Kagunga, ambao bado wanatia samaki chumvi kwenye mbao. Umeme wa karakana yake unakatika apendavyo mwenye nao, na bati za stenlesi hazipatikani kila siku. Lakini moyo wake uko kule.

"Pale ndipo mama yangu aliponishusha mgongoni," anasema. "Wanawake wa pale walimpa samaki, hawakumjua hata jina. Nataka niwapelekee kitu kisichooza."

Jioni, nyumbani Gungu, ukutani sebuleni kuna kitu kipya. Ule ukanda uliokatwa kwenye tangi, Kubwimana alikuwa amekwisha kuutupa. Ella akauokota. Sehemu ya chini ilikuwa imeliwa, lakini ya juu, ambayo maji ya chumvi hayakuwahi kuifikia, ilikuwa bado na rangi zake zote. Akamwomba mumewe akate kipande hicho, na leo wamekitundika, mbali na jiko, mbali na dirisha la mvua. Taa ikiwaka, dhahabu na zambarau na buluu zinaamka.

Mama mzee Ndayikeza, akiwa mkekani na mjukuu wake Bariki mapajani, anakitazama kwa muda mrefu. Kisha anaita, kama alivyokuwa akiita kambini chakula kilipochelewa:

"Sokwe!"

"Niruze!" wanajibu wote.

"Nina bustani haitaki maji. Ukiimwagilia, inakufa."

Bariki anafikiri, anatazama dari, anatazama bibi. Baba yake anajua jibu lakini amefunga mdomo. Ni Ella anayejibu, kutoka jikoni, ambako leo chakula hakijaungua.

"Maua yangu hayo, mama. Niachieni."